Hesabu ya Yadi

Fimbo namba saba ya babu yangu, Yolamu Ochwo,
sasa ni komeo la zizi.
Kutu imeipanda shingo, panya wamekula ngozi ya mshikio,
na mbuzi hawajui wamefungiwa na nini.

Klabuni Tororo, chini ya Mwamba,
upo ubao wa mvule wenye majina ya dhahabu.
Nimeusoma mara tatu, kidole kikishuka na miaka:
mabwana wa pamba, mabwana wa reli, daktari mmoja,
meneja wa saruji aliyeshinda mara mbili.
Yeye hayumo.
Anayelipwa kufundisha hakushindania kikombe,
hakupita mlango wa mbele,
na chai yake aliinywea jikoni, wima.

Lakini kwanza vita.
Keya ilimchukua ana miaka kumi na tisa,
kijana wa kubeba fimbo za watu, miguu peku.
Kule Burma wakamkabidhi mzinga,
si ule wa nyuki,
na afisa akaligundua jicho lake.
Ochwo, mti ule? Mia mbili na kumi, bwana.
Kivuko kile?
Mia na sabini, upepo unatoka kushoto.
Na kila alichokipima kilianguka.

Hilo hakunisimulia. Nililipata kwa bibi,
aliyelipata usiku, vipande vipande,
kwa Kiswahili cha kambini,
maana kwa Kipadhola hakuwa na maneno yake,
au hakutaka yawepo.

Alirudi na risasi begani.
Mkono haukupanda tena juu ya sikio,
ndiyo sababu pigo lake lilikuwa fupi,
kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mtoto.
Wanafunzi wake walilicheka
mpaka mpira ulipotua.

Mwaka wa hamsini na sita
alipanda treni, daraja la tatu, hadi Jinja,
kushindana na walimu wenzake wa gofu.
Sitini na tisa asubuhi. Sitini na saba jioni.
Akarudi na bahasha ya shilingi mia mbili,
blanketi jekundu,
na gazeti lililokosea jina lake mahali pawili.

Mimi nilimjua baadaye,
nilipombebea debe la mafuta machafu ya lori.
Penye mashimo hapakuwa na majani siku zile,
bali mchanga mweusi ulionyweshwa mafuta
na kusawazishwa kwa gunia, polepole, kwa duara.
Wenye klabu walikuwa wameondoka,
wengine kwa hiari, wengine kwa siku tisini.
Kisha wakaja askari, wakapika kwenye shimo la tisa.
Alingoja wale. Alingoja waende.
Akachota majivu, akasawazisha upya.
Nikamuuliza anamtengenezea nani.
"Mvua," akasema.
"Isipite hapa ikidhani pamehamwa."

Sikumwona akicheza ila mara moja.
Alidhani nimekwenda kuteka maji.
Aliuweka mpira, akautazama Mwamba muda mrefu,
midomo ikitaja namba,
halafu akauokota, akautia mfukoni.

Tulimzika msimu wa kuvuna mtama.
Mchungaji alisema marehemu alikuwa mtunza bustani,
mtu mpole, mkata nyasi hodari.
Watu wakaitikia.
Hakuna aliyesahihisha.
Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kaburini,
sauti ninayo.

Jana jioni mtoto wa jirani alipita na ndoo,
akauliza kisima kipya kiko mbali kiasi gani.
Nilikuwa zizini, komeo mkononi.
Jicho moja likajifumba lenyewe.
"Mia na arobaini na mbili," nikamwambia.
Upepo ukageuka, ukaleta vumbi la saruji.
"Ngoja. Mia na hamsini."
Akanitazama kama anayetazama mgonjwa,
akaweka ndoo kichwani,
akaenda, akihesabu.